Kutunza Chakula ni Kutunza Fedha

Wahenga wetu walisema, "Akiba haiozi." Neno hili ni la kweli juu ya fedha iliyofungwa kibindoni, wala hatutaki kulipinga. Lakini akiba ya chakula ni akiba ya namna nyingine. Ina adui wengi, nayo huoza kweli kweli isipotunzwa. Mahindi huliwa na fukusi, maharagwe hutobolewa, dagaa hunyeshewa na mvua wangali majimaji, na ugali uliobaki jana hutupwa leo. Kila kinachoharibika hivyo kilikwisha kulipiwa, ama kwa shilingi, ama kwa jasho la jembe. Basi nia ya mazungumzo haya ni kuonyesha jinsi mtu wa kijijini awezavyo kupunguza fedha anayotumia kwa chakula, si kwa kula kidogo, bali kwa kutokupoteza alichokwisha kukipata.

Mifano yetu mingi tutaitoa Kibara, wilayani Bunda, katika Mkoa wa Mara. Mahali hapa pako kandokando ya Ziwa Victoria, katika nchi iliyojitokeza kuelekea Ukerewe. Watu wake hulima muhogo, mahindi, mtama na viazi vitamu, na wengi hupata riziki yao ziwani. Kwa hiyo nyumba ya Kibara hula vitu vya shambani, vitu vya majini na vitu vya sokoni, na katika kila kimoja kuna mlango ambao fedha hutokea bila kuonekana. Msikilizaji wa nchi nyingine aweka jina la chakula chake mahali pa chetu, na maneno yatamfaa vile vile.

Na tuanze na hesabu. Mtu akiangusha noti ya shilingi elfu kumi njiani, hurudi kuitafuta hata kama usiku umeingia. Lakini chakula cha thamani hiyo hiyo hutupwa kidogo kidogo, wala hapana anayerudi nyuma. Tuseme nyumba moja hupika ugali kila jioni, na kila siku hubaki ugali uliotoka katika robo kilo ya unga, ukatupwa. Robo kilo si kitu cha kumfanya mtu akose usingizi. Walakini mwaka una siku 365, na robo kilo mara 365 ni kilo 91 na zaidi. Gunia la mahindi huhesabiwa kuwa kilo 100. Basi nyumba ile yatupa karibu gunia zima kila mwaka, na pengine mwezi wa njaa ukifika, mwenye nyumba huenda kukopa gunia lile lile alilolitupa.

Wengine hudhani kuwa kutupa chakula ni tabia ya matajiri wa Ulaya na Marekani tu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilitoa taarifa mwaka 2024 juu ya jambo hili. Katika mwaka 2022 tani zipatazo milioni 1,050 za chakula zilitupwa duniani, katika majumba, mahoteli na maduka, maganda na mifupa ikiwa imehesabiwa pamoja. Katika kila tani 10, tani 6 zilitoka majumbani. Hesabu hiyo ni kama kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka katika nyumba yake. Na tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ilikuwa kama kilo 7 tu kwa mtu mmoja. Tena, zaidi ya hicho kinachotupwa mwishoni, Shirika la Chakula na Kilimo lilikadiria mwaka 2019 kuwa asilimia 14 hivi ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika dukani. Hivyo hasara hii si ya watu fulani tu. Ni ya kila mwenye ghala na kila mwenye chungu.

Sasa tutazame milango ile mmoja mmoja. Mlango wa kwanza ni sokoni. Hapa mafunzo mazuri twayapata kwa dagaa. Wavuvi wa Ziwa Victoria huwavua dagaa usiku kwa taa. Zamani walitumia karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa hufuata mwanga. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga umeenea kila mahali na taa ya mvuvi haina nguvu tena ya kuwakusanya. Kwa sababu hiyo mitumbwi mingi hupumzika siku za mbalamwezi, nayo hutoka kwa wingi siku za giza. Mama wa nyumbani ajuaye jambo hili haendi sokoni kwa kubahatisha. Dagaa wakiwa wengi na bei imeshuka, hununua wa kumtosha mpaka giza jingine. Na mwezi ukiwa mpevu yeye hula akiba yake. Asiyetazama mwezi hununua kila siku, na katika siku za uhaba hulipa bei ya uhaba.

Tena, anunuapo, na atazame jinsi dagaa walivyokaushwa. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga huchukua mchanga pamoja nao, na mnunuzi hulipia mchanga kana kwamba ni chakula. Zaidi ya hayo, upande ulio chini hukawia kukauka. Wale walioanikwa juu ya vichanja vyenye wavu, hewa hupita juu na chini, wakakauka upesi na kwa usafi. Bei yao yaweza kuwa kubwa kidogo, lakini kila kilichomo katika kipimo ni chakula. Dagaa wakavu wema huvunjika kwa mlio wakikunjwa, nao hawana harufu ya kuoza.

Kwa mahindi na maharagwe shauri ni lile lile: yanunuliwe baada ya mavuno, yakiwa mengi. Hapo wengine watajibu, "Maneno hayo ni ya wenye fedha. Sisi twanunua kibaba kwa kibaba, kwa kuwa shilingi huingia siku kwa siku." Jibu hili lina haki ndani yake, wala hatutalipuuza. Anunuaye kibaba kwa kibaba hulipa faida ya mchuuzi mara nyingi kuliko anunuaye gunia, na mara nyingi maskini ndiye alipaye zaidi. Lakini jambo lisilowezekana kwa mmoja huwezekana kwa watano. Majirani watano wakichanga fedha kidogo kidogo kila wiki, wakanunua gunia moja wakati wa mavuno na kuligawa kwa kipimo kimoja mbele ya wote, kila mmoja hupata debe lake kwa bei ya gunia. Kinachotakiwa ni uaminifu, na daftari la kuandika nani ametoa nini.

Mlango wa pili ni kukausha. Jua ni mali isiyolipiwa kodi, na watu wa nchi za ziwa wamelitumia tangu zamani. Wasukuma na majirani zao hukata viazi vitamu vibichi vipande vyembamba na kuvianika; hivyo huitwa michembe. Wakivichemsha kwanza, ndipo wakavikata na kuvianika, huitwa matobolwa. Hekima hii haikuja na mtu mgeni, nayo haifai kuachwa eti kwa sababu ni ya kizamani. Yafaa kuiongeza kwenye mboga pia. Majani ya kunde na ya maboga hujaa wakati wa mvua hata hutupwa, na miezi ya kiangazi hayapatikani. Yachovywe katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, yakamuliwe, kisha yatandazwe juu ya kichanja chenye kivuli, mahali penye upepo, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa chepesi cha kuzuia nzi na vumbi. Tumesema penye kivuli kwa kuwa jua kali huiharibu ile nguvu iliyomo katika mboga za majani, inayolinda macho ya watoto, iitwayo vitamini A.

Kwa nyanya na mboga mbichi za siku mbili tatu kuna chombo kingine chepesi. Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alieneza matumizi ya vyungu viwili: kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji. Maji yakitoka kwa mvuke huchukua joto, na chungu cha ndani huwa baridi, kama vile mtungi wa maji unavyokuwa baridi. Chombo hiki hufanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu. Siku za masika, hewa ya ziwani ikiwa imejaa unyevu, faida yake hupungua.

Mlango wa tatu ni ghala. Adui mkubwa wa mahindi yetu ni dumuzi. Mdudu huyu kwao ni Amerika ya Kati. Hapa kwetu alionekana mkoani Tabora, kati ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kisha akaenea nchi nyingi za Afrika. Hutoboa mahindi, hutoboa hata muhogo mkavu, akaacha unga mtupu katika gunia ambalo kwa nje laonekana zima. Mwenye ghala asiyelifungua mara kwa mara huja kujua habari zake amechelewa.

Dawa ya kwanza ni ukavu. Nafaka yenye unyevu huota ukungu, na wadudu huipenda. Njia moja ya kupima haihitaji mashine. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi yake, tia na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache imetulia kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Isipogandamana, yamekauka vya kutosha kuondolewa uwanjani. Walakini ukitaka kuyafungia kwa miezi mingi, ni afadhali kuyaanika siku moja au mbili zaidi.

Dawa ya pili ni kumnyima mdudu hewa. Siku hizi iko mifuko yenye tabaka tatu: mbili za ndani za plastiki isiyopitisha hewa, na ya nje iliyofumwa kama gunia la kawaida. Nafaka kavu ikitiwa humo na kila tabaka likafungwa peke yake kwa kamba, wadudu waliomo hutumia hewa yote, nao hufa bila dawa ya sumu. Asiyekuwa na fedha ya mifuko hiyo aweza kutumia dumu safi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, alijaze mpaka juu kabisa na kulifunga. Nguvu yake ni ile ile. La muhimu ni kutofungua ovyo, maana kila ukifungua waingiza hewa mpya. Kwa hiyo weka akiba mahali pamoja, na chakula cha wiki mahali pengine.

Maharagwe ya wiki yana hila yake tena. Yatie katika chombo kisichojaa, nusu hivi, na ukizungushe asubuhi na jioni mpaka maharagwe yabadilishe mahali. Funza mdogo wa maharagwe huhitaji muda mrefu wa kukaa mahali pamoja ili atoboe ganda. Akisukumwa kabla hajaingia, hupotewa na tundu lake, na mwisho hufa kwa kuchoka na njaa. Watoto wa shule waweza kupewa kazi hii kabla ya kwenda darasani.

Mpaka hapa tumesema juu ya kutokutupa. Sasa inatupasa kusema juu ya chakula kinachopasa kutupwa, na juu ya kazi isiyopasa kufupishwa. Kwa maana wako watu waliodhuriwa kwa kuweka akiba mahali pasipostahili.

Mahindi na karanga zilizoota ukungu si akiba. Ndani ya ukungu wa namna fulani mna sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukobolewa kidogo. Mwaka 2004 watu 125 walifariki katika nchi ya mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi yale yalikuwa mazao ya nyumbani, yaliyohifadhiwa na unyevu. Basi mtu asiseme, "Nitayachanganya na mazuri, hayatajulikana," wala asimpe kuku au ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita katika maziwa. Fedha iliyopotea hapo imepotea. Asiongeze na uhai.

Habari ya pili ilitokea katika mkoa wetu huu wa Mara. Muhogo mchungu una sumu yake ya asili, na wazee walijua kuitoa: waliumenya, wakauloweka au kuuvundika siku kadhaa, wakauanika mpaka ukauke, ndipo wakausaga. Katika siku za utawala wa Waingereza watu waliagizwa kupanda muhogo uwe kinga ya njaa, kwa sababu hustahimili ukame na waweza kukaa ardhini mpaka siku ya shida. Lakini mwaka 1985, ukame ulipokuwa mkali, wilayani Tarime walionekana watu waliopooza miguu ghafula, watu wazima na watoto. Waganga waliochunguza walikuta ugonjwa uitwao konzo, utokanao na kula muhogo mchungu ambao haukutolewa sumu yake vizuri, na hasa mtu asipopata pamoja nao chakula cha kujenga mwili. Miguu iliyopatwa na konzo haiponi. Njaa iliwabana watu, nayo kazi ya siku nyingi ikafupishwa.

Hapo ndipo penye fundisho letu kubwa. Kubana matumizi si kubana muda. Muhogo mchungu ulowekwe siku 3 hadi 5 mpaka ulainike, ukauke kabisa, na katika mwaka wa njaa ndipo uangalifu uzidi, wala usipungue. Ukiwa na shaka na unga wako, uchanganye na maji, uutandaze juu ya kitu safi kwa unene usiozidi sentimita 1, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, sumu iliyobaki itoke hewani. Kisha uupike ugali siku ile ile. Na ugali wa muhogo uliwe kwa dagaa au kwa maharagwe. Vyakula hivyo huupa mwili nguvu ya kuishinda sumu kidogo inayobaki. Kwa hiyo mama anunuaye dagaa siku za giza haokoi shilingi tu. Huenda anaokoa miguu ya watoto wake.

Mlango wa mwisho ni jikoni. Pika kwa kipimo, wala usipike kwa kukisia. Chagua bakuli moja la unga, ujue latosha watu wangapi, nalo liwe mizani ya nyumba yako. Mgeni akija, ongeza. Ukarimu si upotevu. Chakula kikibaki, kiitwacho kiporo, kiamue mara moja: kitaliwa lini, na nani? Kisikae katika joto tangu jioni hadi mchana wa kesho. Kifunikwe mahali pa baridi, asubuhi na mapema kipashwe moto mpaka kiwe moto kote, kiliwe na chai, na kisirudiwe tena mara ya pili. Wali na uangaliwe zaidi, maana ukikaa sana katika joto hutoa sumu ambayo hata moto hauiondoi. Kiporo chenye utelezi au harufu ngeni si cha mtoto, wala si cha mtu mzima. Maganda ya mboga yapewe kuku au yawe mbolea. Lakini maganda ya muhogo mchungu yakaushwe juani kabla ya kupewa mbuzi, kwa kuwa sumu yote huwa nyingi zaidi katika ganda.

Tumesema mengi, na huenda msikilizaji asijue aanzie wapi. Na aanze na daftari. Katika nyumba nyingi yuko mtoto ajuaye kusoma na kuandika. Kwa mwezi mmoja kijana huyo na apige mistari na kuandika mambo matatu kila jioni: tulichonunua na bei yake, tulichokula, na tulichotupa. Mwisho wa mwezi baba na mama wakae pamoja naye, wasome safu ile ya tatu. Wasitafute wa kumlaumu. Watafute mlango upi ulio wazi zaidi, waufunge huo kwanza. Mwezi wa pili waufunge mwingine.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto. Na kibaba hicho hicho, haba na haba, ndivyo kinavyomwagika. Nyumba itakayozuia robo kilo ya kila siku, mwakani itakuwa na gunia lake ghalani, bila kuongeza jembe wala kukopa kwa jirani.